Kufuma mviringo kwa sindano moja ndefu: dalili, chanzo na dawa yake

Sindano ya aina hii ni ncha mbili fupi za chuma, mti au mwanzi, zilizounganishwa kwa waya mlaini wa plastiki. Ukigawa vitanzi nusu kwa nusu na kuuvuta waya utokeze kati ya nusu hizo kama masikio mawili, unaweza kufuma kitu chembamba bila mshono: soksi, mkono wa sweta, kofia ya kichanga. Kwenye paterni za kigeni utaikuta mbinu hii kwa jina la majiki lupu (magic loop). Ilibuniwa na Mmarekani Sarah Hauschka, ikaenea baada ya Bev Galeskas kuichapisha mwaka 2002. Kabla ya hapo kazi nyembamba ilikuwa ya sindano nne au tano zenye ncha pande zote mbili, na kwetu wengi walitumia spoki za baiskeli zilizonolewa.

Shida zake zina tabia moja: karibu zote huzaliwa pale kazi inapogeuzwa, mara chache sana katikati ya vitanzi. Kila mzunguko una kona mbili. Ukiona kasoro, anza kukagua kona.

Mfano tutakaotumia ni kofia ya kichanga: vitanzi 72, sindano ya milimita 4 yenye urefu wa sentimita 100 kutoka ncha hadi ncha, na uzi wa unene wa kati unaotoa vitanzi 22 kwa sentimita 10. Kila nusu ina vitanzi 36. Kitanzi kinachoonyesha umbo la V tutakiita laini, na kinachoonyesha kijivimbe tutakiita nundu.

Hali sahihi ni hii. Ncha zote mbili zinatazama kulia. Nusu ya mbele iko karibu na tumbo lako, nusu ya nyuma iko ng'ambo, kazi inaning'inia chini. Uzi unaokwenda kwenye donge unatoka upande wa kulia wa nusu ya NYUMA. Shika ncha ya nyuma uivute kulia kiasi cha sentimita 15, vitanzi vyake vishuke kwenye waya. Ncha hiyo ndiyo itakayofuma vitanzi vya mbele. Sikio la kushoto linabaki mahali pake muda wote. Ukimaliza nusu, geuza kazi ncha zitazame kulia tena, sukuma vitanzi ambavyo havijafumwa viingie kwenye ncha ya mbele, vuta ya nyuma. Kasoro zote zinazofuata zipime kwa kulinganisha na hali hii.

Kipande kimejisokota, hakilali mezani

Umefuma mizunguko sita au saba na kitambaa kimejikunja kama namba 8. Ukikinyoosha huku kinajikunja kule. Ukingo ulijisokota juu ya waya kabla hujaunganisha kitanzi cha kwanza na cha mwisho kuwa duara, nawe ukaunganisha hivyohivyo. Kugeuza kofia ndani nje hakusaidii, wala kufua, wala kuvuta. Ikiwa bado uko ndani ya mzunguko wa kwanza, bahati yako: kona ya kuanzia bado imeshikwa na uzi mmoja tu, kwa hiyo sokotoa vitanzi kwenye waya virudi sawa, na ule msokoto mdogo unaobaki kwenye uzi utafichwa na mkia wa uzi utakapouchomeka. Ukishapita hapo, fumua.

Kinga yake ni kukagua mahali ambapo wengi hawakagui. Kwenye ncha msokoto huonekana. Kwenye sikio la kushoto hujificha, kwa sababu waya wenyewe umepinda. Laza kazi mezani kabla ya kuunganisha, pitisha kidole kwenye ukingo kuanzia kitanzi cha kwanza hadi cha 72. Kidole kibaki ndani ya duara mwanzo hadi mwisho. Kikilazimika kuruka juu ya waya hata mara moja, hapo ndipo penye msokoto.

Anayeanza kabisa afume mistari miwili ya kwenda na kurudi kwanza, kisha aunganishe. Ukingo wenye mistari miwili ni mpana, haujisokoti kirahisi, na nafasi ndogo inayobaki unaishona kwa mkia wa uzi. Haionekani.

Ngazi zinapanda kwenye kona

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote. Kati ya kitanzi cha mwisho cha nusu moja na cha kwanza cha nusu inayofuata kuna nafasi, na ndani yake nyuzi za kulala zimepangana moja juu ya nyingine kama vipago vya ngazi. Ngazi mbili, moja kila upande wa kofia.

Chanzo ni uzi wa ziada uliobaki kwenye kona. Unapofuma katikati, vitanzi viwili vimekaa bega kwa bega kwenye ncha moja. Kwenye kona, kimoja kiko kwenye waya na kingine kwenye ncha, na kati yao kuna pembe. Ukivitenganisha kwa sentimita moja wakati wa kufuma, uzi unajaza sentimita hiyo, na ukiviachia, uzi hauondoki.

Wengi hujaribu kukaza kitanzi cha kwanza kwa nguvu zao zote. Haifanyi kazi vizuri, kwa sababu unapochoma kitanzi cha pili, cha kwanza hulegea tena. Fanya hivi: sogeza nusu mbili zikaribiane kabisa, kitanzi cha mwisho kigusane na cha kwanza. Fuma cha kwanza kwa mkazo wako wa kawaida. Chomeka ncha kwenye cha pili, zungushia uzi, na kabla hujautoa, vuta uzi mpaka uone kitanzi cha kwanza kimebana kwenye sindano. Hapo ndipo umalizie cha pili. Cha tatu na kuendelea, kawaida. Usizidishe, ukivuta kupita kiasi utapata safu ya vitanzi vilivyonyongwa badala ya ngazi, na hiyo huonekana vibaya zaidi.

Angalia pia mkono wako unavyovuta waya. Kuna watu huvuta masikio kama wanafunga gunia. Kila mvuto wa namna hiyo unapanua kona iliyokwisha kufumwa. Vuta waya kwa mkono mmoja huku vidole vya mkono mwingine vimeibana kona yenyewe.

Kona inayoanza kwa nundu ni ngumu kukaza kuliko inayoanza kwa laini. Kwa hiyo kama ukingo wako ni wa laini 2, nundu 2, usiigawe kofia mahali nundu zinapoanzia. Mgawanyo bora ni kuipasua jozi ya laini katikati: anza nusu kwa laini 1, nundu 2, kisha laini 2, nundu 2 mara nane, malizia laini 1. Hesabu inatoka 36 kamili, na kona zote mbili zinakuwa laini kwa laini. Mabadiliko madogo tu, lakini kwenye ukingo wa kofia yanaondoa ngazi kuliko kukaza kote.

Ikiwa mkono wako bado haujakubali, hamisha kona. Ukimaliza nusu, endelea kufuma vitanzi 2 vya nusu inayofuata, kisha ndipo uvute sikio jipya hapo. Uzi wa ziada unasambaa kuizunguka kofia yote badala ya kujipanga mahali pamoja. Lazima uweke alama ya mwanzo wa mzunguko, pini au kipande cha uzi wa rangi nyingine, maana masikio hayatakuonyesha tena. Na ukifika kwenye kupunguza vitanzi kileleni, acha kuhamisha. Hesabu ya kila nusu utaihitaji.

Ngazi ambazo tayari zipo? Kwa ncha ya sindano nyembamba, vuta mguu (upande mmoja wa V) wa kitanzi jirani kidogo, kisha wa pili yake, kisha wa tatu, ukigawa ule uzi wa ziada kwa vitanzi vitatu au vinne kila upande. Ni kazi ya mzunguko kwa mzunguko, na inachosha. Kabla hujaianza, loweka kofia, ikamue ndani ya taulo, ilaze ikauke. Uzi wa sufu hujisawazisha sana ukilowa, akriliki kidogo, pamba karibu hausogei.

Ngazi ikiwa upande mmoja tu, mara nyingi ni ile kona unayopenda kuweka kazi chini. Kazi inakaa kikapuni siku mbili imening'inia kwenye uzi mmoja. Zoea kusimama katikati ya nusu.

Vitanzi vimeongezeka bila kuongezwa

Ulianza na 36 na 36, sasa una 36 na 38. Kuna njia mbili za kosa hili, zote kwenye kitanzi cha kwanza cha nusu.

Ya kwanza: uzi ulipita juu ya ncha au juu ya waya badala ya kupita nyuma yake. Mzunguko unaofuata unaukuta umekaa kama kitanzi, unaufuma. Hutokea zaidi nusu inapoanza kwa nundu, kwa kuwa uzi unatakiwa uje mbele. Ulete mbele kwa kupita CHINI ya ncha, kati ya nusu mbili. Ya pili: uzi umevutwa kwa nguvu kwenda juu na nyuma, ukakiinua kitanzi cha mwanzo mpaka miguu yake miwili ikaonekana kama vitanzi viwili, nawe ukavifuma vyote.

Kitanzi cha uongo kinatambulika: hakina kitanzi chini yake, kina tundu. Ukikigundua mzunguko uleule, kiachie tu kianguke. Ukikigundua baada ya mizunguko minne, kiachie pia. Kitafumuka chenyewe hadi kwenye tundu lake na kusimama hapo, kisha utagawa uzi uliolegea kwa majirani. Hesabu kila nusu kwa mizunguko mitano ya kwanza. Inakula sekunde ishirini.

Vimepungua? Kimoja kimedondoka wakati wa kusukuma vitanzi kutoka waya kwenda kwenye ncha. Kitafute kwenye kona, kipandishe kwa kulabu ya kroshia, kipago kimoja baada ya kingine, na usiruke kipago.

Nundu ziko nje, laini iko ndani

Unafuma laini kila mzunguko, lakini upande unaoutazama ni nundu tupu. Hujakosea kitanzi hata kimoja. Ulianza kufumia ukingo wa mbali, kazi ikiwa imesimama juu ya sindano kati yako na ncha, badala ya ncha kuwa karibu nawe na kazi kuning'inia. Sukuma kofia ipite katikati ya duara igeuke ndani nje, shika upya kwa hali sahihi, endelea. Wapo wanaofumua kazi nzima kwa jambo hili. Hakuna haja.

Upande mmoja mrefu kuliko mwingine, na pana tundu

Uliiweka kazi chini, ukaishika tena, ukafuma kurudi ulikotoka. Matokeo ni nusu moja kuwa na mistari miwili ya ziada na tundu kila kona. Kanuni haina ubaguzi: uzi wa donge uwe kulia, ukitoka kwenye nusu ya nyuma, au, kama ulisimama katikati, uning'inie kwenye ncha ya kulia. Ukiona uko kushoto, umeishika kinyume. Hapa dawa ni kufumua hadi kwenye tundu. Kulishona hakuondoi urefu wa ziada.

Vitanzi havipandi kwenye ncha

Chunguza vitu vitatu. Kwanza maungio, pale waya unapoingia kwenye ncha: pitishia kipande cha soksi ya nailoni juu yake. Kikinasa, vitanzi vyako vinanasa pia. Ukwaruzo mdogo kwenye mti unaondoka kwa msasa laini. Wa kwenye chuma, badilisha sindano. Pili ukingo wa kuanzia: kama mzunguko wa kwanza ndio mgumu na mingine ni rahisi, ulianzisha vitanzi kwa kubana. Vianzishe juu ya sindano ya milimita 5, kisha fuma kwa ile ya 4. Tatu waya wenyewe. Waya uliokaa kwenye pakiti umejiviringa kama chemchemi na unapigana na mkono. Uchovye kwenye maji ya moto kwa dakika moja, ncha za mti zikibaki nje ya maji, unyooshe na uushike hivyo mpaka upoe. Waya mnene usiolainika hata baada ya hapo haufai kwa mbinu hii. Utumie kwa mashuka na mablanketi.

Sindano za kuunganisha kwa skrubu zina ugonjwa wao: ncha hujifungua polepole kadri unavyozungusha mkono, na siku moja vitanzi vyote viko chini. Ikaze kwa pini yake kabla ya kila kipande kipya, kisha iguse kila baada ya mizunguko michache.

Sikio linapotea, vitanzi vinajaza waya

Sikio likiteleza ndani, hakuna lililoharibika. Hesabu tena hadi 36, tenganisha vitanzi kwa vidole, chomoa waya. Likiteleza kila mara, urefu ni mdogo. Chini ya sentimita 80 masikio hayatoshi; 100 inatosha soksi, mikono na kofia za watu wazima. Sindano ya sentimita 60 inaweza kutumika kwa sikio moja tu linalohamahama, lakini mwanafunzi asianzie hapo.

Kofia imetoka kubwa au ndogo kuliko sampuli

Angalia kwanza namba ya sindano. Sindano za zamani zenye namba za Kiingereza hupungua unene namba inapopanda. Za Marekani huongezeka. Namba 8 ya Uingereza ni milimita 4, ya Marekani ni milimita 5. Namba 10 ya Uingereza ni milimita 3.25, ya Marekani ni 6. Ukifuata paterni ya Kimarekani kwa sindano uliyorithi kwa bibi, kofia ya baba itamtosha mwanasesere. Soma milimita peke yake.

Milimita zikiwa sawa, chanzo ni sampuli, kile kipande cha kupimia vitanzi, uliyoifuma kwa kwenda na kurudi. Watu wengi hufuma nundu kwa kulegeza kuliko laini, na kwenye mviringo nundu hazipo, kwa hiyo kitambaa hubana. Tofauti ya vitanzi 2 inaonekana ndogo hadi uipigie hesabu: vitanzi 110 kwa kipimo cha 20 kwa sentimita 10 ni sentimita 55, kwa 22 ni sentimita 50. Sampuli ya kweli: anzisha vitanzi 30, fuma laini, usigeuze. Sukuma vitanzi hadi ncha ya pili, pitisha uzi nyuma ukiwa umelegea, fuma laini tena. Ikifika sentimita 12 hivi, kata nyuzi za nyuma, ilaze, pima katikati.

Miguu ya vitanzi imepishana

V zimekuwa kama X na kitambaa kimekakamaa, ingawa kwenye ufumaji wa kwenda na kurudi huna shida hiyo. Yaelekea unazungusha uzi kinyume unapofuma nundu, na kisha, bila kufikiri, unachoma laini kwa mguu wa nyuma ili kukinyoosha kitanzi. Njia hiyo ni halali. Ila kwenye mviringo hakuna mstari wa nundu wa kukipindua kitanzi kwanza, kwa hiyo kuchoma mguu wa nyuma kunakisokota. Choma ule mguu ulio mbele ya sindano.

Michirizi ya rangi haikutani

Mzunguko hupanda kwa kujiviringa, kama ngazi ya mnara. Mwisho wake uko kipago kimoja juu ya mwanzo. Fuma mzunguko wa kwanza wa rangi mpya kama kawaida. Mwanzoni mwa wa pili, inua mguu wa kulia wa kitanzi kilicho CHINI ya kitanzi cha kwanza, ile rangi ya zamani, uupandishe kwenye ncha ya kushoto, uvifume pamoja. Kile kipago kati ya mwanzo na mwisho kinazama.

Vitanzi vinayumba, vingine vikubwa vingine vidogo

Kama uzi umetoka kwenye sweta ya mtumba uliyofumua, usiulaumu mkono. Uzi uliofumuliwa una mawimbi ya vitanzi vya zamani na hauwezi kulala sawa. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, fungia mahali panne kwa uzi mwingine, loweka kwenye maji vuguvugu, uning'inize ukauke. Ndipo uviringe donge, bila kuuvuta.

Kilele hakifungi sawasawa

Gawa vitanzi 72 katika mafungu 8 ya vitanzi 9, manne kila nusu. Fuma 7, unganisha 2, zinabaki 64. Fuma mzunguko mmoja bila kupunguza. Kisha fuma 6, unganisha 2, zinabaki 56. Endelea hivyo, na baada ya kila mzunguko wa kupunguza kila nusu iwe imepoteza 4: 36, 32, 28, 24, 20, 16, 12, 8, 4. Nusu moja ikisoma 28 na nyingine 27, kosa liko kwenye mzunguko uliotoka kuufuma, usiendelee kwa matumaini kwamba litajirekebisha kileleni.

Vinapobaki 8, masikio yatakuwa marefu kuliko kazi yenyewe na yatakuudhi. Kata uzi ukiacha sentimita 20, upitishe kwa sindano ya kushonea kwenye vitanzi vyote 8, zunguka mara ya pili, chomoa sindano ya kufumia, vuta. Mara moja haitoshi. Tundu hufunguka mtoto akivuta kofia. Zamisha mkia ndani na uuchomeke pande mbili tofauti.